Vifungo Saba

Hebu niambie kwanza: umewahi kufanya kitu kimoja, kilekile, mpaka mkono ukaanza kukifanya wenyewe na wewe ukawa umeenda zako?

Mimi nashona vifungo. Shati la shule lina vifungo saba, kimoja cha kolani na sita vya kushuka mpaka tumboni. Siku ambayo macho hayajachoka, namaliza mashati arobaini. Zidisha mwenyewe. Mimi nilifika darasa la saba na hesabu hiyo naiweza, lakini sipendi kuifanya asubuhi.

Karakana yetu iko Makadara, nyuma ya vibanda vya viatu, chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja. Mwenyewe ni Wahome, na ndiye anayekata. Kitambaa kinaanzia mezani kwake kule mlangoni, penye chaki na mkasi mkubwa ambao mshikio wake ameuzungushia mpira wa tairi usimchubue. Kutoka kwake kinaenda kwa Munene, fundi wa kola, kisha kwa akina mama wawili wa mikono na mbavu za shati, kisha kwa jirani mwenye mashine ya matundu ya vifungo. Mwisho kabisa kinanifikia mimi, dirisha la mwisho, kwenye kiti changu cha mbao chenye mto, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vyeupe. Likitoka kwangu, shati linapigwa pasi na kukunjwa. Kwa hiyo mimi nalikuta shati limeshakuwa shati. Nalifunga tu.

Nikuambie sasa hivi nilichokuwa nakitaka, usije ukaniona mnafiki baadaye. Nilikuwa nataka kushona shati zima. Moja tu. Nianze na kitambaa kikiwa bado kitambaa.

Hamu hiyo iliniingia siku niliyomvika marehemu mume wangu, Phares. Alikuwa fundi wa reli, tukikaa Makongeni, na maisha yake yote alivaa ovaroli. Alipofariki, shemeji zangu wakakimbia mjini wakaleta shati jeupe, jipya, na kola ikamkaa kama ndoo imevikwa juu ya mti. Niliikunja kwa nyuma nikaishika na pini ili watu wakipita wasione. Nimesimama pale na pini mdomoni, badala ya kulia, nikawa nawaza: hivi kola inapimwa kuanzia wapi? Nani anaijua shingo ya mtu? Nilipomaliza siku za msiba nikaja kwa Wahome kutafuta kazi.

"Unajua cherehani, mama?"

"Sijui."

"Basi kaa kwa vifungo."

Nikakaa. Miaka kumi na tisa.

Utaniuliza mbona sikusema. Mwanzoni ilikuwa aibu, mtu mgeni hawezi kuanza kuchagua. Baadaye ikawa kitu kingine. Humo ndani nilipata jina. Munene akilalamika kwamba kola zimemchosha, mtu wa pasi akinung'unika joto, Wahome ananinyooshea mkasi na kumwambia: "Muangalie Mama Frankline. Miaka yote hiyo kwa vifungo, umeshamsikia akilia?" Nami nainama kwenye sindano, natabasamu kidogo, kama mtu aliyesifiwa kanisani. Sasa mtu aliyepewa sifa kama hiyo ataisimamisha vipi na kusema, kwa kweli, ndugu zangu, nilikuwa nataka kukaa kule?

Nisikudanganye kwamba niliteseka. Nilikuwa na njia zangu. Ya kwanza, kila shati lilikuwa na mwenyewe. Mashati yakiwa katika rundo yanafanana, lakini ukilipakata moja mapajani, utajua. Hili ni la mtoto anayetafuna kola. Hili ni la yule wa kupigania mpira, cha tatu kitang'oka, kikaze. Hili dogo la chekechea, mwenyewe bado hajui kujifunga, mama yake atamfunga huku anamtafutia soksi, kwa hiyo kifungo kisiwe kizito kupita tunduni. Nikifika kifungo cha tano ndipo akili hutaka kutoroka, basi hapo ndipo namuuliza mwenye shati jina lake.

Njia ya pili ni wimbo. Kwaya yetu ya akina mama ina wimbo mmoja wa polepole, ubeti wa mistari minne mirefu. Ubeti mmoja, kifungo kimoja. Wimbo ukianza sindano inazama, wimbo ukiisha nazungusha uzi mara mbili chini ya kifungo, kikasimama kama chenye shingo, halafu nafunga fundo. Sikuwahi kuhesabu sindano imepita mara ngapi. Kwa nini nihesabu? Wimbo ulikuwa unahesabu.

Na vifungo vyangu havikuwa vinatoka. Wahome alikuwa akiwaambia walimu wakuu hivyo kabla hata hawajauliza bei: "Shati langu litapasuka, kifungo kibaki."

Novemba iliyopita oda zikazidi, akaniletea mwenzangu, mwanamke anayeitwa Kasiva, mama wa watoto wawili, anakaa mtaa wa Pipeline, gorofa ya sita. Mchangamfu, mwenye mdomo, mikono myepesi. Siku ya kwanza alishona vizuri. Ya pili akaanza kupiga miayo. Ya tatu akaweka sindano chini.

"Shosho, nimeshona ngapi?" akaniuliza, maana kwake nilikuwa nyanya yake tangu siku ya kwanza.

"Usihesabu."

"Nisipohesabu nitajuaje namaliza saa ngapi?"

"Humalizi."

Akanigeukia mzima mzima. "Aki shosho. Ati simalizi? Hiyo ndiyo pole unanipa?"

Nikamfundisha njia zangu. Ya wenye mashati aliipenda upesi, tena akaniharibia. Mimi wangu walikuwa watoto wazuri wazuri. Yeye wake walikuwa wahuni. "Hili ni la mtoto wa landilodi wangu," anasema, akikaza uzi kwa meno. "Nakikaza hiki cha shingo mpaka ajue." Nilicheka hadi nikajidunga.

Wimbo ndio haukumwingia.

"Huu wimbo wenu ni wa matanga, shosho."

"Ni wa sifa huo."

"Sifa za pole hivyo? Mungu mwenyewe atasinzia akingoja mwisho."

"Basi imba wako."

Akaimba. Lilikuwa pambio la kanisani kwao, mistari miwili tu, lile la kupiga makofi, na kwa kuwa mikono ilikuwa na sindano, akapiga mguu sakafuni. Nilijifanya sisikii. Nikaendelea na ubeti wangu, lakini jaribu wewe kuimba polepole mtu akikupigia mguu pembeni. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshaacha wimbo wangu. Kufikia mchana nilikuwa naitikia.

"Leo kona ya vifungo kuna krusedi!" Munene akapaza sauti juu ya cherehani yake. "Mtapitisha sadaka saa ngapi?"

"Njoo uokoke kwanza, wewe wa kola!" Kasiva akamjibu.

Siku ile nilimaliza mashati hamsini na matatu. Hamsini na matatu! Nilitembea kwenda nyumbani bila kuumwa bega, na njiani nikajikuta nimesimama kibandani kununua maembe bila sababu yoyote. Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza. Mtu aliyeridhika na kazi yake hashtuki hivyo akionjeshwa wimbo mpya. Lakini sikujiuliza. Tuliimba pambio Novemba yote na Desemba yote.

Jioni moja, tukiokota nyuzi sakafuni, Kasiva akaniuliza, "Shosho, ungeambiwa uchague, humu ndani ungekaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Uongo. Nimekuuliza na macho yako yameenda kule mlangoni."

"Yameenda kuangalia mvua."

"Mvua gani? Leo kuna jua tangu asubuhi."

Nikamwambia aokote nyuzi zake.

Shule zikafunguliwa Januari. Wiki ya pili, Jumatano, nikiwa ndio kwanza nimefungua kopo langu, mlango ukasukumwa akaingia mtu wa bodaboda na gunia mgongoni. Akalitua mezani kwa Wahome, akampa karatasi, akaondoka. Wahome akasoma. Mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya kule Pipeline alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu. Vifungo vilikuwa vimetoka baada ya kufuliwa mara moja. Watoto wamesimama gwaride vifua wazi. Mzazi mmoja amekuja ofisini na vifungo vitatu vya mtoto wake kwenye kiganja.

Cherehani zikanyamaza moja moja mpaka nikasikia redio ya jirani.

Wahome akamwaga gunia mezani. Mashati sitini, yamefuliwa, mengine bado na wino. Akachukua moja, akashika kifungo kwa vidole viwili, akavuta. Kikatoka kama punje ya hindi. La pili, hivyohivyo. Kwa nyuma fundo lilikuwa la msalaba, na hilo lilikuwa fundo la Kasiva, sote tulilijua. La tatu, la msalaba. La nne.

Hakupiga kelele. Wahome akikasirika sauti hushuka.

"Kasiva. Kwangu watu wanakuja kwa sababu ya nini?"

Kasiva alikuwa amesimama, kastabini ingali kidoleni. "Vifungo."

"Vifungo. Chukua mkoba wako."

"Wahome, nilishona vile nilifundishwa."

"Ulifundishwa na huyo?" Akaninyooshea mkasi. "Usimtaje. Huyo miaka kumi na tisa hajarudishiwa hata kimoja. Wewe umekaa miezi miwili umeniletea gunia."

Kasiva akanitazama. Hakuniomba. Alinitazama tu, halafu akaanza kuvua kastabini, na ilikuwa imekaza, akawa anaizungusha.

Nikainuka. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuyaona mashati kwa karibu. Nikasogea mezani nikayapekua. La msalaba, la msalaba, na chini yake moja lenye kifungo kilichosimama juu ya shingo ya uzi. Hiyo shingo ni yangu. Hakuna mwingine anayeizungusha vile. Nikashika kifungo kwa vidole viwili. Wahome alikuwa amemgeukia Kasiva, Munene anaangalia viatu vyake, hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi.

Nikavuta. Kikaja.

Nikakikunja kwenye kiganja. Kilikuwa na joto, au mkono wangu ndio uliokuwa na joto. Nataka uelewe kwamba nilisimama pale kitambo. Shati lile ningelisukuma chini ya mengine. Kasiva angekwenda, mimi ningerudi kitini na jina langu, na kesho Munene akilia kuhusu kola Wahome angeninyooshea mkasi. Ilikuwa rahisi kabisa. Na nilijua pia, kwa mara ya kwanza, kwamba lile jina nilikuwa nalilinda kuliko mtu. Nikatafuta shati lingine lenye shingo, nikavuta. Nalo.

"Wahome," nikasema. "Na haya ni yangu."

"Yapi?"

Nikaweka yale mashati mawili na vifungo vyake mezani, karibu na chaki yake. "Haya. Na ukipekua utapata mengine. Yanakaribia nusu."

Akachukua shati moja, akaligeuza, akatazama lile fundo, akanitazama mimi, akalitazama tena fundo. "Mama Frankline, macho yanakusumbua?"

"Macho ni mazima. Ni pambio."

"Ni nini?"

Ikabidi nieleze. Nikaeleza mbele ya watu wote, mwanamke wa miaka sitini na tisa, kwamba mimi sihesabu, mimi naimba, na kwamba mkono wangu umezoea kufunga fundo wimbo ukiisha. Munene akaanza kutikisika mabega.

"Ngoja," Munene akasema. "Ngoja, ngoja. Shosho, shona kimoja na ule wimbo wa zamani. Tuhesabu."

"Hii ni kazi, Munene, si mchezo," Wahome akasema. Lakini akanisogezea kipande cha kitambaa.

Nikashona. Nikaimba ubeti wangu mzima, na karakana yote ikahesabu kwa pamoja kama darasa la kwanza: moja, mbili, tatu. Wimbo ulipoisha walikuwa wamefika nane.

"Sasa pambio."

Kasiva hakutaka kuimba, kwa hiyo nikaimba mwenyewe, na mguu ukapiga wenyewe. Moja, mbili, tatu, nne. Likaisha. Mkono wangu ukazungusha uzi na kufunga fundo, wenyewe, hata sijauambia.

Munene alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Hata akina mama wa mikono wakajifunika vitenge usoni. "Mungu hakusinzia," Munene akasema, "lakini watoto wa watu wametembea uchi!"

Wahome alibana midomo, ila nilimwona anataka kucheka. Alipumua, akaweka mkasi chini. "Kasiva, rudi kitini. Mtayarudia yote. Na kuanzia leo mnahesabu."

"Hapana," nikasema. "Tutaimba lake mara mbili kwa kila kifungo. Ukihesabu, cha tano utakisahau."

Akakubali kwa kichwa.

Tuliyarudia siku mbili. Kazi ya kurudia ni tofauti na kazi. Kwanza unakata uzi wako mwenyewe, unang'oa nyuzi moja moja kutoka kwenye matundu madogo, na kila uzi unakuambia siku ulipoushona ulikuwa wapi. Nilikuwa nimeyafurahia sana yale mashati. Hilo ndilo lililonifanya nijiulize. Kwa miaka nilikuwa nawaambia watu kwamba siri ya kazi ya kurudiarudia ni kuwepo, kumjua mwenye shati, na bado ni kweli, nitakuambia hata kesho. Lakini mtu aliyekuwepo kwelikweli angeona uzi ni mchache. Mimi nilikuwa nimeshachoka zamani, nikauita uchovu huo uvumilivu, na alipokuja mtu na wimbo wa mistari miwili nikamkimbilia kama mtoto aliyefunguliwa mlango. Sikujua tena uvumilivu wangu ulikuwa unaishia wapi na uoga wangu unaanzia wapi.

Kasiva alishona karibu nami siku nzima ya kwanza. Ya pili, akikata uzi, akasema, "Shosho, ungeninyamazia, ningeenda."

"Najua."

"Sasa mbona wewe mwenyewe unajinyamazia?"

"Unasema nini?"

"Nasema umenisemea mimi. Wewe nani anakusemea?"

Nikainamia sindano yangu. Nilikuwa kwenye kifungo cha tano.

Ijumaa jioni gunia likafungwa upya. Wahome akavuta vifungo kama ishirini, hapa na pale, kwa nguvu zake zote, hakuna kilichocheza. Akaja mpaka konani kwetu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akavuta kigoda akakaa, magoti yakawa karibu na kopo langu.

"Mama Frankline, nimefikiri," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Kosa ni langu. Mtu wa umri wako, vifungo mia tatu kwa siku. Kuna mashine ya vifungo nimeonyeshwa. Nitaichukua. Kasiva ataikalia. Wewe kiti chako kitabaki hapohapo, uwe unaangalia tu. Unawaangalia hawa, unawapa moyo. Wewe ni mvumilivu, si ni hivyo? Watajifunza kwa kukuona."

Nilikitazama kiti changu. Nikajiona nimekaa juu ya mto, mikono mapajani bila kitu, nikitazama watu wakishona, nikisifiwa, mpaka siku nami nitakapotafutiwa nguo ya mwisho. Kasiva alikuwa ameacha kushona. Kule mbele Munene alikuwa amesimamisha cherehani, anajifanya anatia mafuta.

"Ni sawa hivyo, mama?" Wahome akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kutabasamu, kama ulivyozoea. Nikauzuia. Nikachomeka sindano kwenye ukingo wa mto wangu.

"Si sawa," nikasema. "Mashine ilete, Kasiva aikalie. Mimi usiniweke niangalie tu. Tangu siku niliyoingia mlango ule nimetaka kitu kimoja, na hukukijua kwa sababu sikukisema. Nataka kushona shati, Wahome. Lote. Unifundishe kupima shingo, nikate mwenyewe, nishone kola mwenyewe, hata Munene akinicheka. Na vifungo vyake nitavitia mimi."